Katibu na Anwani za Marehemu

Katika miaka yote niliyomjua, sikumwona hata siku moja akipokea barua yake mwenyewe. Za watu zilipita kwake kutwa, tangu asubuhi anapovua viatu mlangoni hadi anapoondoka, lakini yeye hakuwa na anwani. Niliwahi kumuuliza, "Katibu, na mtu akitaka kukuandikia wewe?" Akasema, "Aseme tu, namsikia." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tulimwita Katibu, na jina hilo lilimtosha. Wenyeviti walikuja na kuondoka, wengine kwa kura na wengine kwa ugomvi, yeye akabaki. Alizaliwa wapi na kwa nani sitasema, maana yeye aliyejua nasaba za nusu ya Pemba hakupenda yake itajwe. Ukimchokoza sana alikwambia, "Nimetoka nilikotoka, nipe chai," na mazungumzo yaliishia hapo.

Jumuiya yetu ya watu wa Pemba ilikuwa na ofisi Kenton, London, ghorofani juu ya duka la vitambaa la Wahindi waliotoka Nairobi. Chumba kikubwa kilikuwa cha mikutano na hitma. Pembeni palikuwa na kabati la ukutani, la kuingia mtu, ambalo watu wengine wangeweka mafagio, na humo ndimo Katibu alimoweka seva ya barua pepe. Ilikuwa mashine ya kawaida, nyeusi, ina taa mbili za kijani, inavuma mchana na usiku. Hakulifunga kabati kwa ufunguo hata siku moja, lakini hakuna aliyeligusa. Akifungua mlango wake alishusha sauti, na akikuta watoto wanapiga kelele karibu aliwaambia, "Taratibu, hapa pana watu." Watoto wa London wanamwelewa Mswahili ila wanamjibu kwa Kiingereza. "There's nobody in there," walisema, na walirudi nyuma hatua mbili.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Kila mwanachama alipewa anwani yenye jina la jumuiya, lakini anwani hiyo haikuwa sanduku, ilikuwa mlango tu. Barua ikifika mlangoni, seva ilitazama faili moja refu. Kila mstari wa faili hilo una jina kushoto, nukta mbili, na kulia mahali barua inapotakiwa kupelekwa: sanduku lako la kazini, au lako la binafsi, au la mwanao anayejua kompyuta. Wataalamu huiita mistari hiyo aliases. Katibu aliiita lakabu, na neno lake lilikuwa bora zaidi.

Lilikuwa bora kwa sababu wengi wetu tuliingia nchi hii na majina yasiyoitika nyumbani. Pasi zilisema hivi, mama zetu walituita vile. Mtu akiandika kutoka Wete hawezi kujua kwamba binamu yake huku ni Mister Fulani wa pasi ya mtu mwingine. Kwa hiyo Katibu aliweka kushoto jina la nyumbani, na kulia jina la makaratasi. Faili lile ndilo lilikuwa mahali pekee London nzima ambapo majina mawili ya mtu yalikaa mstari mmoja. Aliliogopa kidogo, na alikuwa na haki ya kuliogopa. Hakulichapisha, hakulipeleka kwa mtu, na aliponifundisha kulitumia alinikalisha mbele yake akanambia, "Humu ukikosea herufi umempoteza mtu."

Mimi ndiye pekee niliyefundishwa naye. Nilikuwa nafanya kazi kampuni moja ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, na Alhamisi ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nikawa namfuata. Alinionyesha namna ya kuandika mstari, na namna ya kuiamuru seva ilisome faili upya baada ya kuandika. Hilo la kuamuru alilirudia mpaka likanichosha. Usipoamuru, alisema, mashine itaendelea kuamini ya jana, na wewe utakwenda nyumbani unadhani umemaliza.

Watu wa nyumbani walimtesa kwa namna ambayo hakuna fundi wa Kizungu angeielewa. Waliandika kwa udugu. Barua zilikuja zimeandikiwa "mjomba", "shangazi", "kaka mkubwa", bila jina lolote, kisha jina la jumuiya. Seva yoyote ingezirudisha. Ya Katibu ilizikusanya zote zisizojulikana ikamwekea pembeni, naye alitazama jina la aliyeandika, hakufungua, akafumba macho. "Huyu ni wa kina Mbarouk wa Chake. Mama yake ana kaka mmoja tu aliye hai, na yuko Hounslow." Akampelekea. Sikuwahi kumwona akikosea mjomba. Siku moja ilikuja iliyoandikiwa "mwanangu", akaikalia wiki mbili kabla ya kuipeleka, na hakusema kwa nani.

Alhamisi ilikuwa siku ya wazee. Wasioona vizuri, au wasiotaka kujifunza mashine uzeeni, waliomba barua zao zichapishwe na wasomewe. Katibu alizitia kwenye jalada la plastiki, tukapanda basi. Na hapa ndipo penye jambo ambalo watu wa Hounslow bado wanalizungumza kwa sauti ya chini. Katibu hakusoma kwa sauti yake. Alisoma kwa sauti ya aliyeandika. Si kuigiza, maana mwigizaji huongeza chumvi. Alikaa vilevile, kofia kichwani, miwani puani, na kutoka kinywani mwake ilitoka sauti ya msichana wa miaka ishirini anayemwomba radhi bibi yake. Kinamama walijifunika kanga usoni. Wengine walimwomba arudie, akarudia, na mara ya pili ilikuwa ileile, hata pumzi.

Akimaliza aliuliza, "Imefika?" Ilikuwa sheria. Ulipaswa kujibu, "Imefika," ndipo akupe karatasi yako. Usipojibu, kwa kulia au kwa kiburi au kwa kusinzia, alianza upya tangu neno la kwanza. Namkumbuka mzee mmoja mbishi aliyekataa kujibu kwa sababu habari hazikumpendeza. Alisomewa mara tano, chai ikapoa, mpaka akasema, "Imefika, Katibu, imefika, niache."

Na ukitaka kujibu ulimwambia naye akaandika kwenye daftari, akakusomea kwa sauti yako mwenyewe. Nilimsikia akimsomea mama mmoja maneno yake, na yule mama akashika koo kama anayetafuta kitu alichoibiwa. Ukikubali, aliyachapa kwenye seva kesho yake yakaenda, na ile karatasi ya daftari akaichana. Hakuweka nakala. Seva nayo haikuweka. "Hii ni njia," alisema, "si ghala."

Nitasimulia moja tu, kwa sababu nilikuwapo, nimeshika vikombe. Bi Mwanakombo wa Hounslow alikuwa na mwana Muscat. Alhamisi moja Katibu alimsomea barua ya huyo mwana, na kila baada ya sentensi mbili alikohoa. Kikohozi kikavu, cha chini.

"Mbona wakohoa, Katibu?" aliuliza Bi Mwanakombo. "Una mafua?"

"Sikohoi mimi," alisema Katibu, akaendelea.

Chai haijaisha, simu ikalia. Mwana alikuwa amefariki asubuhi ile, kifua. Kwenye basi nilimuuliza alijuaje, maana barua haikutaja ugonjwa. Alinijibu kwamba mtu mwenye pumzi zake haweki vituo vingi vile. Nilitaka kuridhika na jibu hilo. Niliridhika mchana, nikiwa peke yangu sikuridhika.

Sasa habari ya marehemu. Mwanachama akifariki, Katibu hakufuta lakabu yake. Kwa siku arobaini alizizuia barua zake, zikakaa kwenye foleni ya seva. "Zipo eda," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa karibu mzaha wake pekee. Hitma ya arobaini ikishasomwa, wageni wakila biriani chumba kikubwa, yeye aliingia kabatini peke yake, akageuza upande wa kulia wa mstari ukaelekea kwa mrithi, akaamuru seva isome. Siku ileile yule mwana au binti alianza kupokea barua za mzazi aliyemzika. Kliniki inamkumbusha miadi. Maktaba inataka kitabu chake. Rafiki wa Mombasa ambaye hajapata habari anamuuliza hali.

Wapo walioshindwa. Walimwendea wakamwomba afute. Hapo ndipo utamwona Katibu amekasirika, yeye ambaye kiti chake kilivunjwa na harusi ya watu na hakusema kitu.

"Nikifuta," alisema, "atakayemwandikia atajibiwa na mashine kwamba hajulikani. Mtu umeishi naye umri mzima, halafu mashine iseme hajulikani?"

Alipoulizwa mkutanoni tuko wanachama wangapi, alitaja idadi ya mistari. Mwenyekiti alimsahihisha kila mwaka, "Walio hai, Katibu," naye kila mwaka alijibu, "Mimi nimeulizwa tuko wangapi." Marehemu aliwazungumza kwa wakati uliopo. Bi Mwanakombo alipofariki naye, ikawa hivyo: Bi Mwanakombo ana barua. Mzee wa Edgware Road leo kapata mbili. Ulizoea, lakini kuzoea si kupenda, na mimi nilikuwa nikipita mbele ya kabati lile naharakisha.

Usidhani alikuwa walii. Alikuwa mlafi wa visheti, mmbea wa mapishi ya watu, na hakuisamehe nyumba iliyompa chai ya mfuko. Siri ya barua yako hakuitoa kwa mtu, lakini pilau lako likiwa bokoboko London nzima ilijua kabla ya Ijumaa. Alichukia simu na alikuwa haishiki ila kwa vidole viwili. Na makosa yake mwenyewe yalimla. Dada wawili wa Kenton walisafiri kwa nyakati tofauti, kila mmoja akamwambia apeleke zake kwa mwenzake, naye Katibu akasahau kurudisha mstari wa yule wa kwanza. Barua moja ikazunguka kati yao mpaka seva ikakata tamaa. Ilikuwa salamu ya Idi tu. Katibu alikwenda nyumba zote mbili kwa miguu, kwenye mvua, kuomba radhi.

Kila mwisho wa mkutano alisimama akasema maneno yaleyale. "Mkihama kazi, niambieni. Mkibadili sanduku, niambieni. Mimi siwezi kuliona sanduku lililokufa. Likipokea, naona limepokea, basi." Tulikuwa tumeshaanza kuvaa makoti. Mimi nilikuwa namwigiza kwa wenzangu ngazini, kidole juu, na walicheka mpaka mtaani.

Yangu nitayasema kwa kifupi, maana hayana urefu.

Baba alifariki hospitali ya hapahapa. Mama alitaka arudishwe Pemba azikwe kwao. Makaratasi yangechukua siku nyingi, na muda wote huo baba angelala kwenye friji la hospitali. Nilikuwa nimemwona humo, mara moja, kumtambua. Sikuweza kumwacha humo. Nilisaini azikwe London, akazikwa kesho yake. Mama hakujua habari ya friji, sikumwambia, niliona naye haitamsaidia. Alichojua ni kwamba binti yake mkubwa alikuwa na haraka.

"Umemwacha baba yako ugenini," aliniambia mbele ya watu.

Nikamjibu, "Wewe ndiye uliyemleta."

Neno lile nalisikia mpaka leo. Tulikaa miezi kumi na moja hatusemezani. Mama alikuwa kwa kaka yangu mdogo Hounslow, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kwangu, na mimi nilikuwa nazunguka mtaa mwingine ili nisipite dirishani kwake. Katika miezi hiyo niliacha kwenda Kenton, niliacha Alhamisi, nilihama kazi nikaenda kampuni nyingine. Jumamosi nilikwenda kaburini kwa baba kupalilia. Sikumwambia mtu.

Mwishoni nikaandika barua. Nilitumia sanduku langu la binafsi, nikaiandikia anwani ya mama ya jumuiya, kwa sababu ukiwa na jambo la aibu unataka lisomwe na mtu anayejua kusoma. Anwani yake ilikuwa mama.zuwena. Zuwena ni mimi. Nilimweleza friji. Nilimweleza Jumamosi. Nilimwomba msamaha bila kujitetea, na kwangu hiyo ni kazi.

Sikupata jibu. Wiki ya kwanza nikasema ana hasira. Wiki ya pili nikasema anafikiri. Wiki ya nne baada ya barua kufika, kaka alinipigia, mama amepelekwa hospitali kwa nimonia, na nilipofika alikuwa ameshafariki. Kaka alikuwa analalamika kwenye korido. Alisema mama alikuwa hasikii, kila Jumapili anatoka, hasemi anakokwenda, anarudi jioni baridi imemwingia mpaka mifupani.

Siku ya arobaini Katibu alitoka kabatini akanifuata. "Nimeigeuza kwako," alisema. "Wewe ndiye mkubwa."

"Barua yangu aliipata?"

"Kilichotakiwa kufika kimefika."

"Alisemaje?"

Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama vile mimi ndiye ninayemfanyia jambo baya. "Mwanangu, barua za watu mimi sizizungumzi. Mimi mpitishaji tu. Unanijua."

Nikaona ananificha. Nikaona mama alisikia barua yangu akakataa kujibu, na huyu mzee anaona haya kunambia. Niliondoka biriani haijaisha, na nikakaa miaka sita bila kukanyaga Kenton. Nilingoja barua za mama zilizogeuziwa kwangu. Haikuja hata moja. Nikasema hata kliniki imeshamsahau.

Mwaka jana mwenyekiti mpya alinipigia. Katibu amepoteza kumbukumbu, amewekwa nyumba ya wazee Hounslow. Seva imezeeka, watu wote sasa wako WhatsApp, kamati inataka kuizima, na hakuna anayejua kuifungua. Ila juu kabisa ya faili pameandikwa mstari ambao mashine haiusomi, unaosomwa na binadamu tu: Nikishindwa, mwiteni Zuwena.

Nilikwenda. Nilivua viatu mlangoni, sijui kwa nini. Kabati lilikuwa na joto na linavuma. Nikafungua faili nikashuka nalo polepole, jina baada ya jina, na karibu nusu nilikuwa nimewapikia hitma. Wote walikuwa na mahali pa kwenda. Nikafika kwa mama. Kushoto mama.zuwena, nukta mbili, kulia zuwena. Nikashuka mpaka kwenye zuwena, nione inakwenda wapi.

Ilikuwa inakwenda kampuni ya zamani. Sanduku nililoliacha katika ile miezi kumi na moja, nikaondoka bila kumwambia Katibu. Kampuni ilinunuliwa na nyingine, sanduku likabaki wazi, linapokea, halina mtu. Halikurudisha kitu, kwa hiyo seva iliona limepokea. Na Katibu, aliyemjibu mwanachama kwa lakabu yake siku zote, si kwa sanduku lililoandika, aliona limepokea.

Niliketi sakafuni mwa kabati. Mzee yule hakunificha kitu. Kama kuna jibu lililopita, alilipeleka akajua ninalo, kisha nikaja kumuuliza jibu lilisemaje, siku ya arobaini ya mama yangu.

Nilipiga simu kwa walioinunua kampuni. Sanduku lilikuwa limeshafutwa. Nilirekebisha mstari wangu nikaiamuru seva isome, nikangoja mbele ya kioo cha kompyuta kama mpumbavu. Kumbukumbu za seva hukaa wiki chache tu. Karatasi za daftari alizichana. Jibu la mama, kama lilikuwapo, lilikuwa limebaki mahali pamoja duniani, na mahali hapo hapakumbuki leo ni siku gani.

Nyumba ile ya wazee ni safi, ina harufu ya supu na dawa ya sakafu. Muuguzi wake alikuwa Mkenya, mwanamke mnene mwenye huruma. Alinivuta pembeni kabla sijaingia.

"Madam, huyu mzee wako ananitisha, sio mchezo. Juzi nilikuwa nachange bedsheets, akaanza kuongea na sauti ya mwanamke. Si kuiga, sauti kabisa. Nikageuka kuona ni nani ameingia kwa room. Halafu akaniuliza, 'Imefika?' Sasa mimi nimjibu nini?"

"Mjibu imefika."

"Na kama haijafika?"

"Mjibu tu, dada. Usipomjibu ataanza tena."

Mara ya kwanza hakunijua. "Shikamoo, Katibu," nilisema, na hakuitika. Alikaa dirishani, kofia kichwani, mikono juu ya magoti imeshika jalada ambalo halikuwapo. Mara ya pili nilimsimulia habari za watu, ili mradi nisikae kimya, na katikati nikataja jina la Bi Mwanakombo. Akakohoa. Kikohozi kikavu, cha chini, kisha sauti ya mwanamume wa Muscat ikamsalimu mama yake, neno kwa neno, mpaka mwisho. "Imefika?" aliuliza. Nikajibu, "Imefika," mimi ambaye haikuwa yangu.

Ndipo nikaelewa. Yeye mwenyewe alikuwa hayuko, lakini faili lilikuwapo. Ukimtajia jina la kushoto, alikuletea yaliyopita kwenye mlango ule. Nilirudi nyumbani nikakaa wiki nzima nikiogopa kurudi. Niliogopa atanyamaza, maana yake hakuna jibu. Na niliogopa hatanyamaza.

Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi, baada ya adhuhuri. Nilimpelekea chai ya maziwa kwenye chupa. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Mama Zuwena," nilisema.

Hakutikisika. Nje basi lilipita, vioo vikatetemeka kidogo. Kisha alipandisha mkono mmoja begani, akarekebisha kanga ambayo hakuivaa, upande wa kushoto, alivyokuwa akifanya mama kabla ya kusema jambo zito. Sauti ilipotoka nilishika kiti.

"Zuwena mwanangu. Barua yako nimesomewa, mara mbili, maana ya kwanza nililia sikusikia mwisho wake. Kumbe ulimwonea huruma baba yako na friji. Mbona hukunambia? Mimi nilidhani una haraka na kazi yako. Mimi nakwenda kwake kila Jumapili, kaka yako hajui, napanda mabasi mawili. Nikilikuta kaburi limepaliliwa nikisema Mzungu wa pale ana roho nzuri. Kumbe ni wewe, Jumamosi. Basi njoo Jumapili. Kwenye simu sitaki, nitakusema vibaya tena. Pana benchi karibu na bomba la maji. Nitakaa hapo toka saa sita mpaka uje. Chukua chai, baridi ya hapa haina adabu."

Nilidhani imekwisha. Nilifungua mdomo kumjibu. Akavuta pumzi, akarekebisha kanga tena, na nikajua zilikuwa zaidi ya moja. Kila Alhamisi alipokwenda kwake, mama alimwandikisha nyingine.

"Zuwena. Jumapili nilikaa. Pengine una kazi. Ijayo nitakaa tena."

"Zuwena. Nilikaa mpaka wakafunga geti. Sikukasirika, usiogope kuja."

"Zuwena. Leo kifua kinabana, lakini Jumapili nitakwenda, huenda ukaja. Usije bila koti."

Hapo sauti ya mama ikaisha. Katibu alishusha mkono kutoka begani, akakaza macho kwangu kupitia miwani, na kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kila Alhamisi, akauliza:

"Imefika?"

Ilikuwa imefika. Ilikuwa imefika miaka sita imechelewa, na Jumapili zote zile alizokaa kwenye benchi kwa ajili yangu zilikuwa zimefika pamoja nayo. Nililia kwa sauti mpaka muuguzi akachungulia mlangoni, nikamwashiria aende. Nilimimina chai kwenye kifuniko cha chupa nikaiweka mikononi mwa Katibu. Neno alilolitaka lilikuwa moja tu, na nilikuwa nalo mdomoni.

"Imefika?" aliuliza tena.

Nikafunga mdomo. Sheria yake niliijua. Katibu alinisubiri kidogo, akaweka chai pembeni bila kuionja, akapandisha mkono begani, upande wa kushoto.

"Zuwena mwanangu," alisema mama.